Konzi la Sabuni

Ndani ya mashine mlikuwa na mashuka tisa na maji. Sabuni haikuwemo, hata chembe. Droo ya sabuni niliisugua mwenyewe kwa mswaki mkuukuu, nikaipuliza mpaka mashavu yakaniuma, kisha nikabonyeza kitufe, nikavuta kigoda na kuketi mbele ya ule mlango wa kioo kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi kuja. Pipa likazunguka. Mashuka yakabiringika, yakaanguka, yakabiringika tena. Halafu pembeni mwa kioo pakatokea mstari mweupe, mwembamba kama ukucha. Ukanenepa. Haukupita muda, kioo chote kikawa povu.

Mashuka yale yalikuwa yamefuliwa jana yake, yakakauka, yakapigwa pasi, yakakunjwa tayari kurudi kliniki. Kwa jicho na kwa pua yalikuwa masafi. Sasa povu lile lilitoka wapi?

Swali hilo ndilo lililonipa kazi niliyo nayo hadi leo, na nusura linifukuzishe ile niliyokuwa nayo siku hiyo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na pale kazini jina langu lilikuwa Kwa Nini. Shangazi ndiye aliyenibatiza, wala hakuwa ananisifu. Wiki yangu ya kwanza niliifungua pasi ya umeme nione moto unakaa wapi. Nikaifunga vizuri tu, ila skrubu moja ilibaki mkononi, na pasi ile haikuwaka tena mpaka inatupwa. Wiki ya pili nikachanganya wanga wa kukazia kola na maji ya moto ili nijue utakuwaje. Ulikuwa uji. Shangazi akanisimamisha uani, akaninyooshea kidole: "Mtoto wa kaka yangu, nakupenda, lakini nisikilize. Ukigusa tena kitu ambacho hukutumwa, nakurudisha kwa baba yako na mabegi yako. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Shangazi alikuwa dobi. Alikuwa na chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya saruji, meza mbili za kupigia pasi, kamba za kuanikia uani, na mashine moja kubwa ya kufulia aliyoipata baada ya kujinyima miaka na mikaka. Nyuma ya chumba, juu ya jukwaa la chuma, yalikaa matangi mawili. Moja lilikuwa la maji ya kisima, ndilo lililolisha mashine. La pili lilikuwa la maji ya mvua, nayo tulichota kwa jagi kutilia kwenye pasi tu, kwa sababu maji ya kisima yalikuwa na chumvi na yaliziba pasi. Fundi aliyaunganisha mabomba yao ili siku pampu ya kisima ikigoma tusikwame: ukifunga koki hii na kufungua ile, mashine inakunywa maji ya mvua. Yakumbuke matangi hayo.

Na palikuwa na Bi Konzi. Watu wengi walidhani jina lake limetokana na kupiga watoto makonzi ya kichwa. Wapi! Bi Konzi hakuwahi kumpiga hata paka. Aliitwa hivyo kwa sababu alipima sabuni ya unga kwa konzi: alizamisha mkono wake mkubwa kwenye mfuko, akaufumba, akautoa, akauachia, basi. Hakukuwa na kikombe wala mizani. Konzi moja kwa mashuka tisa. Kabla ya mashine kuja alikuwa amefua kwenye karai miaka thelathini, na Shangazi mwenyewe alijifunzia udobi ubavuni mwake, akiwa msichana asiyejua kukamua hata leso. Mashine ilipofika, fundi alikuja na kikombe cha plastiki chenye mistari. Bi Konzi alikipokea kwa heshima, akakiangalia, akakifanya cha kuwekea vibanio vya nguo. Konzi lake likaingia kwenye droo ya mashine kama lilivyoingia kwenye karai, na nguo zikatoka zinang'aa. Nani angebisha?

Nusu ya kazi yetu ilitoka kliniki ya uzazi iliyokuwa mtaa wa pili: mashuka ya vitanda, vitambaa vya kufungia watoto wachanga, nepi, taulo. Aliyevileta na kuvichukua alikuwa muuguzi mkuu, tulimwita Sista, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Ndiyo maana siku alipoingia asubuhi na mapema, akapita mezani bila kusalimu, akatandaza kitambaa kimoja cha mtoto mbele ya Shangazi, sote tuliacha tulichokuwa tunafanya.

"Watoto wanne," alisema. "Vipele mgongoni, shavuni, kila panapogusana na kitambaa. Mama zao wanavifua tena nyumbani kabla ya kuwavika. Unanielewa?"

Shangazi alielewa. Alimwomba radhi, akamwahidi kwamba hata kama ni uchafu wa kuonekana kwa darubini, utatoka. Sista alipoondoka, Shangazi akageuka kwa Bi Konzi. "Mama, tuongeze sabuni."

Kwani wewe ungesema nini? Nguo ikiwa na uchafu, si unaongeza sabuni? Bi Konzi akaanza kutia konzi moja na nusu. Povu likajaa kwenye kioo mpaka nguo zikawa hazionekani, nasi tulisimama hapo watatu tukilitazama kwa moyo mkunjufu. Kwetu povu lilikuwa ndio usafi wenyewe. Bi Konzi alikuwa ameligundua wiki mbili nyuma, hata kabla ya kuongeza: alisema sabuni ya siku hizi imetengenezwa vizuri, haikuwa na povu namna hii zamani. Na mimi nilikubali kwa kichwa kama mjuzi.

Wiki iliyofuata watoto wenye vipele walikuwa tisa. Mmoja, mwenye siku tano tu duniani, alikuwa amevimba kope hata macho hayafunguki. Sista alilisema hilo kwa sauti ya chini, akimtazama Shangazi usoni, na kwangu ilikuwa afadhali angepiga kelele. Akatoa muda mpaka Ijumaa. Vitambaa vya Ijumaa visipokuwa salama, kliniki itatafuta dobi mwingine.

Shangazi hakula mchana huo. Jioni alirudi kutoka madukani amebeba katoni ya sabuni mpya ya mashine, ya gharama, yenye picha ya mtoto anacheka. Alikaa karibu na Bi Konzi, akaanza kumzungukazunguka kwa maneno: kwamba umri ni baraka, kwamba macho nayo huchoka, kwamba labda mkono siku hizi unazidisha au unapunguza bila mwenyewe kujua. Kwamba kuanzia Jumamosi ingekuwa vizuri apumzike. Alisema akiwa ameinamisha uso, na machozi yalimtoka, nayasema haya nisije nikamdhulumu.

Bi Konzi hakubisha. Hilo ndilo lililonivunja moyo. Laiti angegomba, angetukana, angeuliza nani alimfundisha nani! Alinyanyuka tu, akaenda kwenye mfuko wa sabuni ya zamani, akazamisha mkono, akautoa umefumba, akaniletea nilipokuwa nimekaa. Akaufumbua mbele ya macho yangu.

"Hebu niangalizie, mwanangu. Limejaa au limepungua?"

Lilikuwa konzi lile lile. Nimeliona likitoka kwenye mfuko siku zote hizo; ningeweza kulichora. Nikamwambia liko sawa, bibi. Akatikisa kichwa kama mtu anayefarijiwa na mtoto, akairudisha sabuni mfukoni, akajifuta kwenye aproni.

Kuanzia dakika ile sikuwa na amani. Konzi liko sawa, sabuni ni ile ile, mashine ni ile ile, watoto wanavimba. Kwa nini? Alhamisi, Shangazi alipokwenda kuwabembeleza wateja wengine na Bi Konzi akiwa uani kwenye kamba, ndipo nilipochukua mashuka tisa masafi na kuyazungusha bila sabuni. Mengine nimeshakwambia. Povu lilikuwa la sabuni iliyobaki ndani ya nguo, iliyokataa kusuuzika. Vitambaa havikuwa vichafu. Vilikuwa vimejaa sabuni, na kila tulipoongeza, tuliwafunga wale wachanga ndani ya sabuni zaidi.

Sawa. Lakini kwa nini sasa? Konzi hilo hilo halikumdhuru mtu kwa miaka.

Nikaifungua katoni ya sabuni mpya, nikageuza pakiti nyuma. Ile tuliyozoea ilikuja kwenye mfuko mkubwa usio na neno hata moja. Hii ilikuwa na jedwali. Nguo chafu kidogo, nguo chafu sana, hayo niliyaelewa. Kisha mistari miwili: maji magumu, kipimo kimoja, maji laini, nusu kipimo.

Nikatoka nayo mpaka uani. "Bibi, maji yanakuwaje magumu?"

"Magumu kama kichwa chako," alisema Bi Konzi, kibanio mdomoni. Kisha akakitoa, maana hakuwa mtu wa kukuacha na njaa ya neno. "Maji yenye chumvi, yale yanayokataa kutoa povu. Kama haya yetu ya kisima. Haya unayapigia sabuni mpaka mkono ufe ganzi ndipo yanakubali. Ya mvua ni laini, hata ukiyaonyesha sabuni kwa mbali yanatoa povu."

Nikageuka, nikayatazama matangi.

Kwa sababu mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kusugua kioo cha mashine, ambacho maji ya kisima yalikiachia ukoko mweupe mgumu kama ganda la yai. Nilisugua kwa siki, kwa brashi, kwa kucha. Na mvua zilipoanza, tangi la pili likawa linafurika na kumwaga maji bure chini, nami nikajiuliza itakuwaje mashine ikinywa yale. Ningejaribu siku moja tu. Nikapanda jukwaani, nikafunga koki hii, nikafungua ile. Ukoko ukakoma. Siku moja ikawa mbili, mbili zikawa wiki tano. Sikumwambia mtu. Nilijiona mjanja.

Nilichukua chupa mbili tupu za maji ya kunywa. Moja nikaitia maji ya kisima, moja ya mvua, kila moja na sabuni ya zamani kiasi cha kujaa ukucha wa kidole kidogo. Nikazitikisa pamoja, mkono huu na mkono huu, nikihesabu mpaka ishirini. Ya kisima ikawa nyeupenyeupe, na povu lake likafa nikiwa bado nalitazama. Ya mvua ikajaa povu mpaka shingoni, nikaiweka chini, nikamaliza kukunja taulo zote, povu bado limesimama.

Nilikaa sakafuni na chupa zangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho sijivunii. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la kusema. Wazo la kwanza lilikuwa koki. Ningepanda jukwaani dakika moja, nirudishe kisima, nisuuze vitambaa vyote vya kesho mara tatu, na mambo yangekwisha. Watoto wangepona. Shangazi angeisifu sabuni yake mpya yenye picha ya mtoto. Mabegi yangu yangebaki chini ya kitanda. Na Bi Konzi angeondoka Jumamosi akiamini kwamba mkono wake umewavimbisha watoto wachanga, akaliamini hilo mpaka kufa kwake. Nilifika hadi kwenye ngazi ya jukwaa. Niliweka mguu kwenye daraja la kwanza. Kutoka pale nilimwona uani, ananusa shuka moja alilolianua, analisogeza karibu na macho, analigeuza, anatafuta kosa lake.

Nikashusha mguu.

Shangazi aliporudi alinikuta nimesimama mlangoni na chupa mbili mkononi. Nilijikaza kisabuni, kama tulivyozoea kutaniana pale kazini, ila safari hii haikuwa utani. "Shangazi, si mkono wa Bi Konzi. Ni mimi. Mimi niligeuza koki, mashine inatumia maji ya mvua."

"Tangu lini?"

"Mvua zilipoanza."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitaka kujua tu."

Aliweka mkoba wake juu ya meza polepole sana. Nikamweleza yote, mashuka tisa, povu, jedwali, nikazitikisa chupa mbele yake. Alitazama mpaka mwisho. Alikuwa ameelewa; ilionekana usoni. Na kuelewa hakukumpoza hata kidogo.

"Mtoto mchanga hawezi kufungua macho," alisema, "kwa sababu wewe ulitaka kujua tu. Kafungashe."

Nikageuka kwenda kufungasha. Bi Konzi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na furushi la mashuka kifuani. Sijui alikuwa hapo tangu neno gani.

"Mwache kwanza," alisema. "Nipe hizo chupa."

Akazipokea. Akaitikisa ya kisima, akaitazama. Akaitikisa ya mvua. Akafungua kizibo, akachovya kidole kwenye povu, akalisugua baina ya kidole na gumba, muda mrefu, kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani kilichoishia kwenye kufuta macho kwa kiwiko.

"Thelathini na ngapi ile," alisema. "Thelathini na tano. Nilidhani najua sabuni. Kumbe nilijua kisima." Akamgeukia Shangazi. "Hilo povu liliongezeka mbele ya macho yangu, nami nikalisifu. Wewe ukalisifu. Umfukuze huyu kwa kuuliza, basi unifukuze na mimi kwa kutouliza."

Shangazi alitutazama sote wawili. Kisha akavua viatu vyake vya safari, akakunja mikono ya gauni. "Leteni vitambaa," alisema. "Vyote. Hakuna anayekwenda popote."

Tulivisuuza kwa maji matupu mpaka kioo kikabaki na maji tu, mzunguko baada ya mzunguko, na Ijumaa asubuhi Shangazi ndiye aliyemkabili Sista. Hakunisukumia mimi, wala hakumsukumia Bi Konzi. Alisema: kosa lilikuwa letu, sabuni ilizidi maji, na hivi ndivyo tulivyolijua. Akazitikisa chupa. Sista alisikiliza mikono kifuani, akachukua kitambaa kimoja, akakichovya kwenye beseni la maji, akakikamua na kuyatazama maji. Akatupa wiki moja zaidi. Kabla haijaisha alituma ujumbe kwamba vipele vinanyauka, na yule wa siku tano, ambaye sasa alikuwa wa siku kumi na tatu, ameyafungua macho na hafungi mdomo.

Lakini lililobaki kichwani mwangu kuliko yote ni lile la Ijumaa hiyo hiyo, Sista alipokwisha kuondoka. Shangazi alikuwa ameamua tubaki na maji ya mvua maadamu yapo, maana nguo zilitoka laini na mashine haikushika ukoko. Ilibidi kipimo kipungue. Bi Konzi akazamisha mkono mfukoni kutafuta nusu. Akautoa: konzi zima. Akamwaga, akajaribu tena. Konzi zima. Mkono ulijua kufumba kwa namna moja tu. Nikakimbilia kikombe cha plastiki, nikamwaga vibanio, nikamletea. Hata hakukitazama.

"Lete mkono wako," alisema.

Nikazamisha wangu mfukoni, nikaufumba, nikautoa. Akauweka ndani ya kiganja chake, akanifumbua vidole kimoja kimoja, akaitazama ile sabuni: nusu ya konzi lake. Kisha akaimwaga kwenye droo ya mashine, akabonyeza, akavuta kigoda changu na kuketi. Tulitazama. Povu lilipanda kidogo, likaishia chini ya nguo. Kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, kioo kilikuwa angavu kama hewa.

"Haya," alisema Bi Konzi. "Mvua ni zako."

Ikawa hivyo. Msimu wa mvua nilipima mimi. Kiangazi, tangi likikauka, Shangazi mwenyewe alipanda jukwaani kugeuza koki, akatangaza kwa sauti ili tusikie wote, na Bi Konzi akarudi kwenye mfuko na mkono wake mkubwa, na mimi nikarudi kwenye siki na kioo. Miaka saba tulikwenda hivyo, na kila mwanzo wa msimu tulitikisa chupa mbili, ingawa tulishajua jibu.

Siku hizi chumba ni changu; Shangazi alipochoka aliniachia. Nina mashine tatu na mizani ndogo, na wasichana ninaowafundisha nawaambia wasome jedwali, wapime maji, wasiamini povu. Wananiuliza maswali mpaka kichwa kinaniuma, nami sina haki ya kulalamika.

Bi Konzi alifariki mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa hiyo mwanzoni kazi haikubadilika. Kiangazi kilipoingia nilipanda jukwaani, nikafunga ile, nikafungua hii, nikatangaza kwa sauti kama desturi. Nikashuka, nikapakia mashuka tisa. Mizani ilikuwa pale mezani. Nikazamisha mkono mfukoni, nikatia konzi langu. Kisha nikasimama kidogo, nikazamisha tena, nikatia na lililobaki, la kwake.